Wanaoitikia

Mjomba wangu alipiga gitaa la ridhim kwenye bendi ya dansi, enzi zile ambazo bendi kwa bendi zilijiita Jazz: Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz. Watu walimjua mwimbaji, walimjua mpiga solo. Mjomba alirudi nyumbani alfajiri, ncha za vidole zimekakamaa, na hakuna aliyemtaja. Siku moja aliniketisha mbele ya santuri akaniambia nimwache mwimbaji, nimtafute aliyeko kati. Nilihangaika naye sana. Nilipompata, niliona kumbe wimbo mzima umemwegemea yeye.

Sikio hilo ndilo ninalosikilizia jazz ya Wamarekani mpaka leo. Muziki wao si dansi yetu, ingawa jina tuliliazima. Lakini kazi ya mjomba ipo kulekule, na aliyeifanya kwa uaminifu kuliko wote ninaowajua ni Freddie Green. Aliingia bendi ya Count Basie mwaka 1937 na akawa mtu wa bendi hiyo karibu nusu karne, hadi alipofariki mwaka 1987, miaka mitatu baada ya Basie mwenyewe. Gitaa lake halikuwa na umeme. Mbele yake zilipangwa tarumbeta, tromboni na saksafoni zenye uwezo wa kutikisa mabati, naye alikata mapigo manne kwa kila kipimo, usiku baada ya usiku, na solo alizopiga ni za kuhesabu. Vidole vyake hushika chodi nzima, lakini mara nyingi uzi mmoja tu ndio unaolia, nyingine amezinyamazisha. Hiyo ndiyo siri yake. Uzi ule mmoja hujipenyeza katikati ya besi na ngoma, ukazifanya ziwe kitu kimoja. Ukimsikiliza kwa spika mbovu hayupo. Ukimsikiliza kwa utulivu, huwezi tena kusikia kitu kingine.

Kwa hiyo mtu akiniuliza nianze kumsikilizisha nini, huwa siulizi anapenda tarumbeta au saksafoni. Ninamwekea Kind of Blue ya Miles Davis, nikimwomba aifuate besi. Santuri hiyo ilirekodiwa New York mwaka 1959 kwa siku mbili, tarehe 2 Machi na 22 Aprili, katika studio ya Columbia ya Mtaa wa 30, jengo lililowahi kuwa kanisa. Na kweli sauti imepata mahali pa kupaa. Wote humsifu Miles, na John Coltrane, na Cannonball Adderley, nao wanastahili. Lakini kwenye wimbo wa kwanza, So What, utangulizi ukishapita, anayeita ni Paul Chambers kwa besi yake. Anauliza, piano inajibu kwa sauti mbili. Anauliza tena na tena, na sasa wapuliza vyombo nao wanajibu kwa sauti zilezile mbili. Wakubwa wameketi kwenye kiitikio, na neno limeshikwa na kijana wa miaka 23. Alitimiza 24 siku ya kikao cha pili.

Halafu linakuja pigo moja ambalo nimelirudia mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema. Kiitikio kinaisha, Miles anaingia na solo yake, na papo hapo Jimmy Cobb anagonga toazi. Hagongi kwa fujo. Anagonga kisha anaiacha ilie, na mlio wake unatandaa chini ya sauti za kwanza za tarumbeta, unapungua polepole, na kabla haujaisha besi imekwisha kuanza kutembea. Kama Cobb angejaza nafasi ile kwa mbwembwe za mikono, Miles angelazimika kushindana naye. Yeye alimfungulia mlango akasogea pembeni. Kati ya wote waliopiga siku zile, Cobb ndiye aliyeishi muda mrefu zaidi, akafariki mwaka 2020.

Chambers huyohuyo alikuwa studio tena tarehe 5 Mei mwaka uleule wa 1959 na Coltrane, wakirekodi Giant Steps. Hapa watu hupenda kumcheka mpiga piano, Tommy Flanagan. Chodi za wimbo huo zinageuka kwa kasi ya kutisha, Coltrane alikuwa amezifanyia mazoezi mpaka zimekuwa damu yake, na Flanagan, zamu yake ilipofika, anaanza vizuri, anasita, sentensi zinamkatikia, mwishowe anabaki na chodi tupu. Mimi solo hiyo naipenda. Ni mtu mzima, fundi wa kweli, anatafuta njia gizani mbele ya kipaza sauti, na chini yake Chambers hapunguzi wala hapotei. Anaweka sauti moja baada ya nyingine kama mtu anayemwekea mwenzake mawe ya kuvukia mto. Mwaka 1982 Flanagan aliurudia wimbo uleule na kundi lake la watu watatu, na safari hiyo akaupiga kama wake.

Kuna wanaoitikia kwa nguvu pia. Mpiga ngoma Elvin Jones kwenye A Love Supreme, iliyorekodiwa Desemba 1964, ni bahari nzima nyuma ya Coltrane, na asingekuwa bahari Coltrane asingekuwa na pa kuogelea. Nalijua hilo na naliheshimu. Ila moyo wangu uko kwa wapole.

Uko hasa kwenye chumba kimoja cha chini ya ardhi, Village Vanguard, New York, Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961. Bill Evans alikuwa kwenye piano, Scott LaFaro kwenye besi, Paul Motian kwenye ngoma. Walipiga mchana na usiku, mitambo ikirekodi, na mikanda ya siku hiyo moja ikatoa santuri mbili, Sunday at the Village Vanguard na Waltz for Debby. Wateja wanasikika wakizungumza. Glasi zinagongana. Kuna mtu anacheka mahali pasipostahili kicheko, na siku hizi kicheko hicho nakingoja kama sehemu ya wimbo.

LaFaro alikuwa na miaka 25 na besi yake haikukubali kukaa nyuma. Ilipanda juu kwenye sauti za gitaa, ikamkatiza Evans kwa adabu, ikamalizia sentensi alizoziacha wazi. Kabla yao, watatu wa piano kwa kawaida walikuwa bwana na wasaidizi wawili. Hawa watatu wanapokezana kama wazee barazani: huyu hajamaliza, yule ameshaelewa, wa tatu anaguna kukubali. Mguno huo ni wa Motian. Katika nyimbo nyingi ameshika vifagio badala ya fimbo, anavizungusha juu ya ngozi ya ngoma, na mara kwa mara anaacha kabisa kuhesabu mapigo kwa sauti kwa sababu anajua wenzake wanayahesabu kimya.

Siku kumi na moja baadaye, tarehe 6 Julai, LaFaro alifariki katika ajali ya gari. Evans alikaa miezi kadhaa bila kupiga hadharani. Santuri ya kwanza ilipopangwa, ilianza na wimbo uliotungwa na LaFaro, Gloria's Step, na kumalizika na mwingine wa kwake, Jade Visions.

Lakini mimi huweka ya pili, wimbo wa kwanza, My Foolish Heart. Nauweka usiku, jirani wakishalala. Mtu mwenye vidole vyepesi kuliko mpiga besi yeyote wa rika lake hapigi karibu chochote. Anaweka sauti moja nzito, anaiacha itembee chini ya piano mpaka inakaribia kuzimika, ndipo anaweka nyingine. Motian anachokoza toazi kwa vifagio, kama mvua inayojaribu bati kabla ya kunyesha. Evans anakawia, anakawia zaidi, na wote wawili wanamngoja. Sauti nzito inayofuata inashuka pale tu anapoihitaji, na nyuma kabisa ya chumba mtu anatua glasi yake mezani.