Mahindi Mabichi ya Vinyungu

Mvua zikikatika Iringa na Njombe, mashamba ya mlimani hubaki mabua makavu, ilhali mabondeni kazi ndiyo kwanza inaanza. Huko ndiko kwenye vinyungu, matuta ya kiangazi yanayotegemea unyevu uliobaki ardhini. Mahindi yake hayaendi ghalani wala mashineni. Ni ya kuchoma na kuchemsha. Nawastahi wakulima hawa, hasa wanaolima bila sumu wala mbolea ya dukani. Hindi bichi huvunjwa asubuhi na kuliwa jioni, na sumu iliyopulizwa juzi haina muda wa kuisha.

Nyasi hukatwa, hulazwa, kisha udongo hugeuzwa juu yake kuwa tuta, ziozee humo humo. Mashimo ya kupandia hutiwa samadi iliyoiva, na katikati hupandwa maharage yanayoiongezea ardhi nitrojeni. Sheria ya Mazingira ya 2004 imeweka mita 60 za hifadhi kando ya mito, nami naiunga mkono: bonde likikauka, hakuna kinyungu.

Adui mkubwa ni kiwavijeshi vamizi, aliyeingia Tanzania mwaka 2017. Asiyetumia sumu za viwandani humwinda kwa macho: hupita kila tuta mahindi yakiwa machanga, huyasaga mayai kwa vidole, hutia jivu au mchanga kwenye moyo wa mche. Wengine hutwanga majani ya utupa. Hayo yasikaribie kijito kamwe, kwani huua samaki.

Kuhusu mbegu, mimi niko upande wa zile zinazorudiwa msimu hadi msimu: Kilima, Staha kwa nyanda za chini, na za kienyeji zilizotunzwa na akina mama. Chotara huzaa sana, ila mbegu iliyotokana nayo hudhoofu. Mpangilio wa kupanda nao una sababu: kila uzi wa ndevu umeshika punje moja, na usiopata chavua huacha pengo kwenye gunzi. Kwa kuwa chavua hubebwa na upepo, matuta kadhaa hupandwa pamoja, si mstari mmoja mrefu, na awamu nyingine hufuata baada ya wiki mbili.

Ufundi wenyewe uko kwenye kuvunja. Kwenye joto, punje hujaa wiki tatu hivi baada ya ndevu kutoka. Kwenye baridi ya Njombe huchelewa, kwa hiyo kalenda haitoshi. Anayejua hachani maganda ovyo, maana hindi lililofunguliwa hualika ndege na wadudu. Hutazama ndevu ziwe za kahawia na kavu, maganda yangali kijani. Huishika ncha: ikiwa butu na imejaa, punje zimefika juu. Akisita, hufungua hindi moja na kuiminya punje kwa ukucha. Ikitoa maji maangavu, bado. Ikitoa maziwa, ni la kuchemsha. Ikitoa uji mzito, ni la kuchoma, na kesho kutwa litakuwa gumu. Huvunja alfajiri, kwa kuwa joto huharakisha sukari kugeuka wanga.

Mashina bora ya katikati, yasiyofikiwa sana na chavua ya jirani, huachwa yakauke kwa mbegu. Mnunuzi huyatamani mahindi ya mashina hayo hayo kwa unene wake. Mkulima humkatalia na kumkatia bei ya mengine. Mabua yaliyokwisha kuvunjwa hukatwakatwa siku hiyo hiyo yakiwa bado na maji, mengine kwa ng'ombe, mengine kwenye shimo la mboji.