Noti ya Kutuza

Mwanzoni mwa filamu ya Gold Diggers of 1933, maofisa wanavamia mazoezi ya shoo na kubeba hadi mavazi ya wachezaji, kisa madeni. Marekani ilikuwa kwenye mdororo. Hollywood ikaufanya ufukara uimbe na kuchekesha.

Kwetu nawaona ndugu zao katika Muungano na TOT. Miaka ya 1990, mishahara ikiishia katikati ya mwezi, makundi haya yalijaza kumbi za Dar es Salaam: ngoma, sarakasi, vichekesho, kisha taarab. Khadija Kopa wa TOT na Nasma Khamis wa Muungano wakarushiana mipasho kama mawifi wa nyumba moja.

Wapo wanaouita umbea uliopigiwa kinanda. Sikubali. Hollywood ilimwachia mtazamaji kiti na giza. Kwenye mipasho, mama wa Temeke aliinuka, akajongea jukwaani akicheza, akatuza kwenye ubeti uliomgusa jirani yake. Ukumbi mzima ukajua. Kwa kuwa hela ilikuwa ngumu, noti ile ilisema.

Leo naitazama taarab kwenye simu, nabonyeza alama ya moyo. Hainigharimu kitu, na jirani hajui kama nimemsema.