Yai Lisilotagwa: Chura wa Kihansi Alivyozalishwa Ughaibuni na Kurudishwa Korongoni

Mtu anayesubiri treni ya TAZARA katika stesheni ya Mlimba huwa ana wakati wa kutosha kutazama yai likipasuka. Bando likiwapo, anafungua simu na kuingia kwenye kamera iliyofungwa juu ya jengo refu katika mji ambao hajawahi kuukanyaga, na hapo anamkuta kozi ameatamia mayai manne yenye rangi ya kutu. Kamera hizi si jambo la jana. Kampuni ya Kodak iliweka ya kwake mjini Rochester, Marekani, mwaka 1998, na tangu hapo minara na maghorofa mengi ya Ulaya, Marekani na Australia yamepata zao. Mlimba ikiwa saa sita mchana, Rochester ni saa kumi na moja alfajiri. Jike bado amelalia mayai. Mwanga wa infraredi, ambao haumsumbui, unamwonyesha kwa rangi ya kijivu akijiinua kidogo, akiyageuza mayai kwa mdomo, kisha akiketi tena.

Anayesubiri huko hasubiri gizani. Kozi huyu, ambaye wataalamu humwita Falco peregrinus, hajengi kiota cha vijiti. Huchimba kibakuli kifupi kwenye kokoto na kutaga humo, yai moja kila baada ya saa 48 hivi. Haanzi kuatamia sawasawa mpaka mayai yawe yamekaribia kutimia. Kwa hiyo mtazamaji makini hahesabu kutoka yai la kwanza. Anahesabu kutoka lile la tatu, anaongeza siku 33 hadi 35, anaizungushia duara tarehe kwenye kalenda. Siku ikikaribia, anaanza kutafuta kitundu kidogo kwenye ganda, mahali kifaranga alipogonga kwa kijino kigumu kilicho juu ya mdomo wake. Toka kitundu mpaka kutoka nje, yaweza kupita siku moja, mbili, hata zaidi. Ndiyo maana watu hukesha.

Yai hilohilo lina mkasa wa zamani unaogusa mji wa Ifakara kwa njia ya ajabu. Mwaka 1967 Mwingereza Derek Ratcliffe alichapisha vipimo vya maganda ya mayai ya makozi, yakiwamo yaliyohifadhiwa na wakusanyaji wa zamani, akaonyesha kwamba kuanzia mwaka 1947 hivi maganda yalikuwa yamepungua unene. Mama alikuwa akiyavunja kwa uzito wake mwenyewe. Mkosaji alikuwa DDT. Uwezo wa dawa hiyo kuua wadudu uligunduliwa mwaka 1939 na Paul Müller, katika kampuni ya J. R. Geigy ya Basel, Uswisi. Na maabara iliyofunguliwa Ifakara miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, ilianzishwa na mwanazoolojia Rudolf Geigy, mtoto wa ukoo huohuo wa Basel. Jina moja, basi: huku ni maganda yaliyovunjika, huku ni vita dhidi ya malaria.

Lakini safu hii inahusu mnyama mwingine, ambaye korongo lake liko palepale upande wa Mlimba, na ambaye kusubiri uzazi wake kulikuwa kugumu kuliko kwa kozi kwa sababu moja rahisi: hatagi yai la kutazamwa.

Chura wa Kihansi, Nectophrynoides asperginis, aligunduliwa mwaka 1996 wakati wa uchunguzi wa mazingira wa mradi wa umeme wa Kihansi, ujenzi ukiwa tayari umeanza. Profesa Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waliomtambulisha kwa sayansi. Ni chura wa rangi ya manjano, jike mkubwa hafiki sentimita 3, dume ni mdogo zaidi. Dunia yake yote ilikuwa vipande vya ardhi yenye majimaji chini ya maporomoko ya mto Kihansi, takriban hekta 2 kwa jumla. Mkulima wa mpunga wa Mngeta angesema hilo ni shamba la mtu mmoja. Hapakuwa na ziwa wala dimbwi. Kilichopafanya mahali pale pawe nyumba yake ni rasharasha: maji yaliyojipigiza kwenye mawe yakarushwa na upepo wa maporomoko, mchana na usiku, mwaka mzima.

Ukichukua maji, unachukua nyumba. Mitambo ya Kihansi yenye uwezo wa megawati 180 ilianza kuzalisha mwishoni mwa 1999, na takriban asilimia 90 ya maji ya mto yakaelekezwa kwenye handaki la mitambo badala ya kuanguka korongoni. Hapa mwandishi lazima awe mkweli kwa msomaji: simu ile ya stesheni inayomwonyesha kozi huchajiwa na umeme wa gridi ya taifa, na sehemu ya umeme huo ni maji yaleyale. Hakuna aliyetaka Tanzania ikae gizani kwa ajili ya chura. Swali lililobaki mezani lilikuwa la kifundi: je, mvua ile ya maporomoko inaweza kutengenezwa kwa mikono?

Jibu la kwanza lilikuwa mabomba. Mwaka 2001 mfumo wa vinyunyizio ulifungwa korongoni, maji yakishuka kwa mteremko wenyewe bila pampu na kutokea kwenye vitundu vyembamba vilivyotandazwa juu ya majani. Kwa kuangalia tu, wazo hilo lina ubora wa mafundi wa vijijini: tumia kilichopo, mlima ukufanyie kazi. Na lilifanya kazi. Kufikia Juni 2003 hesabu ya vyura ilipanda hadi karibu 20,000. Kisha, ndani ya miezi michache, wakaporomoka. Januari 2004 walionekana watatu tu. Mwaka 2005 akaonekana wa mwisho, na mwaka 2009 IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi, ikamwandika kuwa ametoweka porini.

Kilichowaua kimejadiliwa sana. Mshtakiwa mkuu ni kuvu wa kitridi, Batrachochytrium dendrobatidis, anayeshambulia ngozi ya vyura na ambaye alithibitishwa Kihansi mwaka 2003. Wengine wameongeza kwamba mwaka huohuo bwawa lilifunguliwa kusafisha matope, na matope hayo yaliweza kubeba dawa za mashambani kutoka juu ya mto. Chura hupumua na kunywa kupitia ngozi. Kumvizia kwa njia ya ngozi ni kama kumtilia mtu sumu kwenye mtungi wa nyumbani.

Bahati ni kwamba akiba ilikuwa imeshawekwa. Desemba 2000, kabla vinyunyizio havijaanza, vyura 499 walikusanywa na kusafirishwa kwa ndege hadi Bustani ya Wanyama ya Bronx, New York, kisha wakagawanywa katika bustani kadhaa za Marekani. Hapa ndipo kazi inapovutia, kwa sababu mwanzoni ilikaribia kushindwa. Kufikia mwaka 2004 waliobaki hawakufika 70. Walikufa kwa minyoo ya mapafu, kwa bakteria, kwa lishe pungufu. Bustani moja baada ya nyingine ikaishiwa nao, mpaka zikabaki mbili: Bronx na ile ya Toledo, jimbo la Ohio.

Walionusurika waliokolewa na mambo madogomadogo. Maji ya bomba la mji hayakufaa, yalichujwa kwanza. Unyunyizaji uliwekwa kwenye mashine ya saa, ili ndani ya kila kasha la kioo manyunyu yaje bila mtu kusahau. Taa zilibadilishwa: chura aliyezoea korongo la Kihansi anahitaji miale ya UVB ili mwili utengeneze vitamini D na kutumia kalsiamu, na taa ya kawaida inayomulika vizuri machoni pa mtu inaweza kuwa giza kwa mifupa ya chura. Chakula kilikuwa nzi wadogo wa matunda, wadudu wa majanini wasioonekana vizuri kwa macho na nyenje wachanga, wakipakwa unga wa vitamini kabla ya kutupwa kashani. Mtu aliyewahi kulea vifaranga vya kisasa anaielewa hesabu hiyo: joto, mwanga, maji, chakula, na ukikosea kimoja asubuhi unaokota maiti.

Na uzazi? Chura huyu hutungwa mimba ndani ya tumbo na huzaa watoto waliokamilika, wenye miguu na mikono. Hatua ya kiluwiluwi hupita mwilini mwa mama. Mlezi hana yai la tatu la kuhesabia. Lakini maumbile yamemwachia dirisha. Ngozi ya tumbo la jike ni nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Jike anapopanda ukuta wa kioo na kujibandika, anayetazama kutoka upande wa pili huona ndani ya tumbo lile vivuli vyeusi vimejikunja, kila kimoja mtoto. Siku moja vivuli havipo, na kwenye kuvumwani kuna vijitu vya milimita 5, vidogo kuliko punje ya mchele wa Kilombero, tayari vinaruka. Huo ndio uliokuwa mtandao wao wa kamera: kioo, taa na tumbo la mama.

Kwa utaratibu huo idadi ikapanda hadi maelfu. Agosti 2010 vyura 100 walipanda ndege kurudi Tanzania, wakafikia katika kituo maalumu kilichojengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hapo wataalamu wa Kitanzania wakaendelea kuwazalisha, na hapo pia likafanyika jaribio lililokuwa gumu kuliko yote: kuwaweka vyura pamoja na udongo na mimea ya Kihansi iliyodhaniwa kuwa na kuvu, kuona kama watadumu. Walipoonekana kudumu, mwaka 2012 vyura 48 wa majaribio walipelekwa korongoni, na baadaye mwaka huohuo wakaachiwa wengine zaidi ya 2,000. Inatajwa kuwa mara ya kwanza kwa mnyama wa jamii ya vyura aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa kwao.

Ukilinganisha na kozi, tofauti inajitokeza. Kozi naye alipitia mlango huohuo. Mwaka 1970 Tom Cade alianzisha Peregrine Fund katika Chuo Kikuu cha Cornell. Mayai yenye ganda jembamba yaliondolewa viotani yakawekwa kwenye mashine za kutotolea. Jike aliyenyang'anywa mayai mapema hutaga tena, kwa hiyo msimu mmoja ulitoa vifaranga wa misimu miwili. Kuanzia mwaka 1974 zaidi ya makozi 6,000 waliachiwa Amerika Kaskazini, na mwaka 1999 Marekani ikamtoa kwenye orodha ya walio hatarini. Lakini makozi wale walirudi kwenye anga iliyokwisha kubadilishwa: Marekani ilikuwa imepiga marufuku matumizi ya DDT kwa jumla tangu 1972. Mfugaji alizalisha, na sheria ikamwondoa adui mlangoni.

Chura wa Kihansi alirudi kwenye nyumba ambayo adui hajahama. Mto bado unapita kwenye handaki, na hilo halitabadilika maadamu mitambo inahitajika. Kuvu bado yupo, na hakuna dawa ya kupuliza bonde zima. Rasharasha ni ya mabomba, na bomba huziba, hupasuka, huhitaji fundi wa kushuka korongoni. Kwa maoni ya safu hii, makosa makubwa ya hadithi hii hayakufanyika Bronx wala Dar es Salaam. Yalifanyika mwanzoni, pale uchunguzi wa viumbe ulipokuja nyuma ya uchimbaji badala ya kuutangulia. Walezi walitimiza walichoombwa, na kwa kiwango cha juu. Wao hawakuombwa kurudisha mto.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba chura amesahauliwa katika mafaili. Baada ya 2012 ameachiwa tena korongoni kwa awamu, na kila awamu huhesabiwa kwa njia ya zamani kabisa: watu wanaotembea polepole kwenye viwanja vya majimaji, wakifunua majani, wakihesabu kwa macho. Hakuna kamera ya mtandaoni inayomwonyesha jike wa Kihansi tumbo wazi kwa abiria wa stesheni ya Mlimba, ingawa yeye ndiye jirani, na kozi wa Rochester ndiye mgeni. Kama kuna mwanafunzi wa ufundi Ifakara anayetafuta mradi wa mwisho wa masomo, hapo pana kazi: kamera moja ndogo isiyoingia maji, kwenye kasha moja la kioo pale Dar es Salaam, na kila shule ya Mlimba yenye simu moja ingeweza kuhesabu vivuli.

Kwa sasa vinyunyizio vinaendelea kurusha maji Kihansi, na vyura wa akiba wanaendelea kuzaana nyuma ya vioo vya Bronx na Toledo.