Kitegemezi au Kitegemewa? Uhakiki wa Istilahi katika Utatuzi wa Hitilafu za Programu za Wavuti

Katika makala yake ya mwaka 2004, Martin Fowler alieneza istilahi ya Kiingereza inayotaja utaratibu ambao kijenzi cha programu hakijiundii vitu kinavyovihitaji, bali hupewa kutoka nje. Tafsiri sisisi yake, "udungaji wa utegemezi", ina kasoro: utegemezi ni uhusiano, nao huwapo kabla ya kitu chochote kuingizwa. Umbo "kitegemezi" nalo hugeuza mwelekeo. Katika sarufi ya Kiswahili, kishazi tegemezi ni kile kisichojitosheleza. Vivyo hivyo, kitegemezi ni kijenzi kinachohitaji. Kinachoingizwa ni kitegemewa.

Tofauti hii si pambo. Katika ASP.NET Core, kiunzi cha Microsoft kilichotolewa mwaka 2016, ujumbe wa hitilafu wa kawaida hutaja mambo mawili: huduma isiyopatikana na kijenzi kilichokuwa kikiundwa. La kwanza ni kitegemewa, la pili ni kitegemezi. Mwanafunzi asiyeyatenganisha huanza kurekebisha msimbo wa kijenzi, ilhali mara nyingi kosa liko katika usajili: huduma haikusajiliwa, au imesajiliwa kwa aina yake halisi huku kijenzi kikiomba kiolesura chake.

Kosa la hatari zaidi huweza kupita kimya. Huduma husajiliwa ili iundwe upya kila inapohitajika, idumu kwa ombi moja la mtumiaji, au idumu muda wote programu inapoendeshwa. Kitegemezi cha kudumu kikishika kitegemewa cha ombi moja, hukifanya mateka. Ikiwa kitegemewa hicho ndicho kinachosoma hifadhidata, maombi ya watumiaji wengi hukishiriki. Yanaweza kugongana au kupewa data iliyopitwa na wakati. Kwa chaguo-msingi, kiunzi hukagua kosa hilo katika mazingira ya utayarishaji tu, si katika matumizi halisi.

Inaweza kudaiwa kwamba Kiingereza chenyewe hutumia neno moja kwa uhusiano na kwa kitu. Hoja hiyo ni kweli, lakini haikilazimishi Kiswahili kurithi utata ambao mnyambuliko wake unaweza kuuondoa. Asasi za usanifishaji zinapaswa kuipima istilahi ndani ya ujumbe wa hitilafu kabla ya kuiidhinisha. Istilahi isiyomwonyesha fundi mahali pa kutazama haijakamilisha kazi yake, hata ikiwa imeingia kamusini.