Cheche na Uwanja wa Ngoma

Mnamo Novemba 1969 wanafunzi wa Mlimani, Dar es Salaam, walitoa toleo la kwanza la jarida lao, Cheche. Nyuma yake kilikuwapo chama chao cha kimapinduzi, USARF, kilichoasisiwa mwaka 1967 chini ya uenyekiti wa Yoweri Museveni wa Uganda. Vijana hao waliandaa mihadhara, wakamsikiliza Walter Rodney, wakajadili ubeberu na ukombozi wa Msumbiji. Mwaka 1970 Serikali ikapiga marufuku chama na jarida.

Ushujaa wao hatuutilii shaka. Kasoro tuionayo ni nyingine: jina lilikuwa la Kiswahili, bali makala karibu zote zilikuwa za Kiingereza. Makala mashuhuri ya Issa Shivji juu ya mapambano ya matabaka ilimhusu mkulima wa Nyahanga, Kahama, lakini yeye asingeweza kuisoma.

Mkulima huyo ana mijadala yake. Usukumani, baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma na nyimbo. Watazamaji ndio waamuzi: upande uvutao umati mkubwa zaidi ndio mshindi. Mtunzi asiyeeleweka huachwa peke yake uwanjani, hata dawa zake zisimfae.

Tangu mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu ulipofunguliwa mwaka 2001, swali la Cheche, yaani nani anufaikaye na mali ya Afrika, limekuwa swali la Kahama yenyewe. Mwaka 2009, katika kongamano la Kigoda cha Mwalimu Nyerere hapo Mlimani, Wole Soyinka alihutubia kwa Kiingereza; mgeni wa Nigeria hatumlaumu. Wanafunzi watokao Kahama, wao wanacho Kiswahili, na wengi wao Kisukuma pia.