Kilichoipa uzito makala ya Burkitt

Mwaka 1958 jarida la British Journal of Surgery lilichapa makala ya Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Ilieleza uvimbe wa mataya uliowapata watoto 38. Haikutikisa mtu. Hata kichwa chake kilikuwa na dosari: kiliuita uvimbe huo sakoma, na haukupita muda wanapatholojia wa Mulago, Gregory O'Conor na Jack Davies, wakaonyesha kwamba ni limfoma. Wala Burkitt hakuwa wa kwanza kuuona. Albert Cook wa hospitali ya misheni ya Mengo alikuwa ameshauandika kwenye kumbukumbu zake mwanzoni mwa karne.

Basi anayetaka kujua jinsi makala hiyo ilivyozaa tawi zima la utafiti wa saratani atazame mwandishi alifanya nini baada ya kuichapa. Burkitt alituma vipeperushi 1,000 vyenye picha za wagonjwa kwenye hospitali za Afrika, akiuliza kama ugonjwa huo umeonekana huko. Majibu akayatia kwenye ramani. Ukajitokeza ukanda uliokatiza katikati ya bara, wenye mkia ulioteremka upande wa mashariki hadi Msumbiji. Mwishoni mwa 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda Ford kuukuu wakasafiri maili 10,000, hospitali kwa hospitali, kuutafuta mpaka wa ukanda huo. Waliukuta kwenye mwinuko: karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye futi 5,000 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini kikomo kilishuka. Saratani inayofuata joto na mvua! Safari hii jarida la Nature ndilo lililochapa habari hiyo, mwaka 1962.

Lakini msomaji aliyehitajika zaidi hakupatikana kwa jarida lolote. Machi 1961, kabla ya safari ile, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vya saratani ya kuku. Ramani ilimtosha: ugonjwa unaofuata hali ya hewa huenda unabebwa na kitu kinachoambukiza. Wakakubaliana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha, Desemba 1963, ukungu uliizuia ndege kutua London, ikapelekwa Manchester. Sampuli ilifika imechelewa, maji yake yamechafuka, na mtu mwingine angedhani ni bakteria akaimwaga. Epstein aliiweka kwanza chini ya hadubini. Uchafu ule ulikuwa seli hai za saratani zilizobanduka zikielea, na hapo ndipo alipojua zikuzwe vipi: zikiwa huru ndani ya maji, si zimeshikamana na kipande. Katika seli zilizokuzwa hivyo virusi vilionekana Februari 1964, na makala ikatoka Lancet mwezi uliofuata. Kwangu mimi, uamuzi huo wa kutomwaga chupa una thamani kuliko nusu ya makala zinazojazwa kwenye wasifu wa maprofesa.

Mwaka 1982 watafiti walibaini kwamba katika saratani hiyohiyo jeni ya MYC huhama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi kwenda ya 14, ikawa mfano wa kufundishia jinsi jeni ya kawaida inavyogeuka kuwa chanzo cha saratani.

Sasa jaribu kupima mchango huu kwa kuhesabu marejeo. Anayeandika "limfoma ya Burkitt" haoni haja ya kutaja makala ya 1958, kwa hiyo kadiri jina lilivyoenea ndivyo hesabu inavyompunja mwenyewe. Kwa Bert Achong mambo ni kinyume. Makala ya Lancet ina waandishi watatu: Epstein, Achong na Yvonne Barr. Achong, mzaliwa wa Trinidad, ndiye aliyekuwa mtaalamu wa hadubini ya elektroni. Ila seli zilizokuzwa zilipewa alama ya EB, kwa Epstein na Barr walioandika wawili makala ya kuzikuza, na virusi vikachukua jina la seli. Kila makala ile inaporejelewa Achong anahesabiwa; kila virusi vinapotajwa anarukwa.