Roboti na Shokoa: Kuisoma Upya Tamthilia ya R.U.R.

Anayejadili athari za akili bandia katika jamii na uchumi aghalabu hurejelea R.U.R., tamthilia ya Karel Čapek iliyochapishwa Chekoslovakia mwaka wa 1920, na kuichukulia kuwa onyo dhidi ya mashine. Usomaji huo, kwa maoni yetu, unalipuuza neno ambalo tamthilia hiyo ndiyo iliyolieneza. Roboti, neno ambalo mtunzi alipendekezewa na nduguye Josef, latokana na robota la Kicheki: kazi ya lazima ambayo mtwana alimfanyia mwenye ardhi. Waswahili waliiita shokoa.

Isitoshe, roboti wa Čapek si vyuma. Wameumbwa kwa maada inayofanana na nyama hai, nao hununuliwa kwa kuwa ni vibarua rahisi. Domin, meneja wa kiwanda, anaahidi kwamba kwa ajili yao binadamu hatahitaji kufanya kazi tena. Wanapoasi, wanamwacha hai Alquist peke yake, kwa sababu hufanya kazi kwa mikono kama wao. Huu ni mgogoro wa kitabaka. Na msomaji wa Kenya, ambako kipande kilianza kutekelezwa miaka hiyohiyo, hawezi kuupita hivihivi.

Hata hivyo, tamthilia ina upungufu. Katika kisiwa cha Domin, binadamu waliobakia kiwandani karibu wote ni wakuu wa idara, kibarua ameshaondolewa. Nairobi hakuondolewa, alifichwa. Mnamo Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa kampuni ya Sama walisoma na kuainisha matini za ukatili na unajisi wa watoto, ili ChatGPT ifunzwe kuziepuka. Walipokea baina ya dola 1.32 na 2 kwa saa, ilhali mkataba wa OpenAI na Sama ulitaja dola 12.50. Walioathirika kisaikolojia walikuwa watu, si programu.

Kivumishi bandia, tunachokitumia kwa noti na dawa, chaitia mashine ila, lakini chamsahau msomaji huyu ambaye akili yake ni halisi kabisa. Akili mnemba na akili unde, istilahi zinazoshindana nacho, hazimtaji pia. Wanaistilahi wetu wangelizingatia hilo kabla mojawapo haijazoeleka.